Waliokaa Ng'ambo ya Korongo

Reginald, wafungie ndama kwanza, halafu uje ukae hapa karibu na kitanda, si pale mlangoni kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Perpetua, acha kunifunika, joto ninalo la kutosha, nipe maji kidogo na ukae na kaka yako. Leo nina sauti, kesho sijui, na haya ninayotaka kuwaachia yanataka mtu ayasikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, hata pale mtakapoona aibu kwa ajili yangu. Nimeyakalia miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo ninyi mnaweza kuyavumilia mchana mmoja.

Nianze na mali, kwa sababu namjua Reginald, hatasikia kitu kingine mpaka asikie mali. Nyumba hii ya bati ni yako na mkeo, lakini chumba hiki cha nyuma ni cha Perpetua siku yoyote atakayorudi, akiwa na mume au hana, na usije ukamwuliza amekuja kukaa siku ngapi. Mashine ya kushona ni yake pia. Ng'ombe walioko zizini mnawajua. Kuna mmoja hamjamwona siku nyingi, yule mweusi mwenye pembe moja, yuko Getanuwas kwa Gidahosh, rafiki wa marehemu baba yenu; tulimpa amtunze na anywe maziwa, na ndama wa kwanza ni wake kama walivyokubaliana. Mkienda kwake mwamkieni, kaeni, kunyweni atakachowapa, habari ya ng'ombe mtaileta kesho yake, maana yule mzee hapendi mtu anayeingia na shida mkononi. Shamba la juu ni la Reginald. Limebaki lile la chini, lenye udongo mweusi, alipojenga Mama Julius.

Reginald, najua umekwenda kwa katibu wa kijiji mara mbili. Usiniangalie hivyo, mkewe katibu huja kushonewa nguo hapa hapa. Ulimwambia kwamba lile shamba lilikuwa la baba yako kabla ya Operesheni Vijiji, kwamba mama yako aliwagawia Mama Julius na mwanawe kwa huruma yake, na kwamba mimi nikishaondoka hiyo huruma nayo imekwisha, warudi walikotoka. Sikukasirika nilipoambiwa. Ulisema kile nilichokulisha mwenyewe. Tangu mwaka ule wa sabini na nne nimewaacha ninyi na kijiji kizima mwamini kwamba niliwapa kwa huruma, nanyi mmenivika kilemba cha ukoka nami nikakivaa. Haikuwa huruma. Nikishawaeleza ilikuwa nini, wewe mwenyewe utaona kama unayo haki ya kumwondoa mtu pale.

Kila sikukuu ya Uhuru mwalimu mkuu hunikalisha kwenye kiti mbele ya watoto wa shule, nisimulie mwaka wa maporomoko, jinsi tulivyotoka Bashay kwa miguu kwenda kuwasaidia watu ambao mlima uliwashukia. Na mimi husimulia. Husimulia matope, husimulia sufuria kubwa tulizoazimwa na Saleh wa duka la Dongobesh, na watoto hucheka ninapowaambia jinsi unga wa njano wa msaada ulivyotutia wote mbio za vichakani. Halafu Mama Julius husimama na kunishukuru mbele ya watu wote. Mmemsikia. Husema, huyu mama alituletea chakula wakati wengine walituogopa. Mimi hutazama miguu yangu, na watu husema, tazameni jinsi asivyopenda kusifiwa.

Sasa sikilizeni ambacho sijapata kukisimulia.

Kabla ya mwaka ule mimi na baba yenu tulikaa Oldeani miaka miwili, yeye akifanya kazi kwenye shamba la ngano la mzungu. Wewe Reginald ulibaki hapa kwa bibi yako, ulikuwa mkubwa wa kuchunga ndama. Perpetua ulikuwa hujazaliwa. Kule Oldeani nilizaa mtoto wa kiume. Alibatizwa Urban. Alikuwa mnene, mwenye hasira, akinyonya huku amenishika kanga kama mtu anayedai haki yake. Alikufa kwa homa akiwa na miezi saba, wiki ile ile ya Uhuru, watu wakicheza ngoma barabarani, na baba yenu akamzika na wenzake wawili wa kazini. Ndiyo, Reginald, ulikuwa na mdogo wako wa kiume. Kunywa maji na wewe, yamo kwenye mtungi.

Ninyi mmekua wakati mwiko huu umelegea, kwa hiyo itabidi nieleze. Kwetu Wairaqw, mwanamke akifiwa na mtoto anayenyonya, anaingia kwenye metimani yeye na nyumba yake. Hagusani na watu. Hachoti maji kwenye kisima cha wote, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani, haombi moto wala hapewi moto, mpaka miezi mingi ipite na wazee wamtoe. Wala haikuwa adhabu, msije mkawacheka wazee. Waliamini mauti yale yanaambukiza, kama sisi tunavyowatenga wagonjwa wa surua. Lakini baba yenu alikuwa ameanza kufundisha dini, akasema mambo hayo yamekwisha, na isitoshe tulirudi Bashay wakati wa kupanda, tukijifungia ndani mwaka mzima tutakula nini? Hapa hakuna aliyejua kwamba nilizaa. Basi tukanyamaza. Nikachota maji kisimani na wanawake wenzangu, nikaazima moto, nikacheka nao, na kifua nimekifunga kitambaa chini ya gauni kwa sababu maziwa yalikuwa bado hayajakauka.

Mwezi wa kwanza mvua ikakataa kuacha. Siku moja asubuhi mlima ulimeguka ukashuka juu ya kitongoji kimoja kule juu ya Yaeda Chini, nyumba kumi na tisa zikafunikwa pamoja na mifugo yake. Mwenyekiti akaita mkutano, akasema Uhuru na Kazi, nani anajitolea. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Mmesikia nikisifiwa kwa mkono ule. Ukweli ni kwamba sikuwa nawaza wale watu hata kidogo. Mikono yangu ilikuwa mitupu tangu Urban afe na nilitaka kuishikisha kitu chochote, hata majembe ya matope.

Tulitembea kutwa. Waliookoka walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja wa mnada, kama watu mia moja na themanini, wamekaa kimya kwenye tope pale pale ambapo huuzwa mbuzi. Wanaume wakaenda kufukua, na mimi nikawekwa mkuu wa jiko kwa sababu ya mdomo wangu. Nikagawa wanawake zamu, nikaweka mafiga makubwa matatu, nikasema hakuna mtu wa kugusa moto ila kwa ruhusa yangu, maana kuni zilikuwa mbichi na moto ukizimika ilikuwa shida kubwa. Serikali ikatuletea dresa mmoja wa kutibu wagonjwa, kijana wa Tabora anaitwa Seifu, amehamishiwa Mbulu wiki tatu tu kabla ya hapo, hajui lugha yetu wala desturi zetu, lakini mchapakazi. Alikuwa anazunguka na mkoba wake asubuhi na jioni, akimpima kila mtu, na akimaliza anakuja jikoni kuniuliza mimi, kwa sababu mimi nilikuwa najua kila mtu aliyekula.

Ng'ambo ya korongo, mwendo wa kama kutupa jiwe mara mbili, palikuwa na kibanda cha matawi. Alikaa pale mwanamke mmoja na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Mwanamke alikuwa amefukuliwa akiwa hai na mtoto mchanga mgongoni amekwisha kufa. Hakuna aliyemfukuza. Alipomzika tu alimchukua yule mkubwa, akavuka korongo mwenyewe, akajenga kile kibanda, kwa sababu alijua sheria kama sisi wote tulivyoijua. Mume wake, Akonaay, alikuwa mbali na ng'ombe upande wa Hanang, hata habari alikuwa hajapata. Mwanamke huyo ndiye Severina. Ndiye Mama Julius. Julius alikuwa hajazaliwa bado. Yule mtoto wa kike aliitwa Kornelia.

Chakula nilipeleka, hilo ni kweli. Kila mchana nilishuka na bakuli, nikaliweka juu ya jiwe lililokuwa katikati ya korongo, nikarudi, naye akashuka kulichukua nikishageuka. Hakuna mwingine aliyekubali kufika hata kwenye lile jiwe, na ndilo analonishukuru mpaka leo. Siku ya pili aliniita kwa sauti kutoka kule juu. Aliomba moto. Alisema mtoto analala kwenye unyevu, anatetemeka. Nikamjibu, subiri. Siku ya tatu akaomba tena, nikamjibu vile vile.

Msifikiri nilikuwa nashika mwiko. Mwenye kushika mwiko angekuwa amekaa naye kwenye kile kibanda, maana mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimevunja mwiko kwa kila sufuria niliyoigusa, nimewapikia watu mia moja na themanini na mauti ya mtoto wangu kifuani. Na wala haikuwa lazima nimpe kijinga cha moto kutoka jikoni. Nilikuwa na kiberiti kizima, kikavu, nimekifunga kwenye pindo la kanga, na kiberiti ni cha dukani, si moto wa nyumba ya mtu, hata mzee mkali kuliko wote asingenilaumu kwa kukitupa ng'ambo. Lakini lile jiwe lilikuwa likipigwa na mvua, na ili kifike salama bila kulowa ilibidi nivuke nikampe mkononi. Na yeye alikuwa na maziwa kama mimi, na kitambaa kilicholowa kama changu. Mwanamke wa hali ile angenitazama mara moja tu akajua, na angepiga kelele, na ule uwanja wote ungenigeukia: yule mpishi, aliyetulisha siku zote hizi, ni wa metimani. Niliogopa aibu yangu. Hakuna jina lingine la kuliita jambo lile, nimelitafuta.

Subirini kidogo. Pumzi. Niinue mto, Perpetua. Hapo, panatosha.

Siku ya tatu hiyo hiyo, jioni, Seifu alikuja jikoni akaniuliza, mama, naona moshi hakuna lakini ni kama kuna watu kule ng'ambo, ni wagonjwa? Nikamwambia hapana, ni wachungaji tu. Siku ya nne akaniuliza tena, mama, una hakika, maana nimesikia kikohozi cha mtoto. Nikamwambia nina hakika, ni wachungaji na watoto wao, wana kwao hao. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Ningemwambia kweli angevuka mara moja, na angerudi na maswali, na wazee wangekuja kueleza mambo ya metimani mbele yangu, nami ningekaa wapi na uso wangu.

Siku ya sita mchana tulisikia mwanamke akilia. Seifu hakumwuliza mtu, alichukua mkoba akashuka korongoni na maji yamejaa mpaka kiunoni, akavuka. Alikaa kule muda mrefu. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kwenye kofia, akaja moja kwa moja jikoni, akasimama mbele yangu, akasema, mama, uliniambia wachungaji. Basi. Hakusema neno lingine, si kwangu wala kwa mtu mwingine ninayemjua, na wiki ile ile akahamishiwa Singida. Miaka baadaye nilimtuma mtu amtafute, akaambiwa ameshahama, nami nikafarijika kwamba hakupatikana. Kwenye taarifa waliyoandika wakubwa walitaja jina langu kwa sifa, ndiyo asili ya kile cheti kilichopo ukutani. Kitoeni leo, fremu tieni picha ya baba yenu.

Nikarudi nyumbani, Perpetua ukazaliwa, miaka ikapita, na sikutegemea kumwona yule mwanamke tena. Halafu ikaja Operesheni. Mnakumbuka malori. Lori la tatu lilisimama hapo barabarani, likashusha nguzo, mlango mmoja, kuku watatu, mwanamke na kijana wa miaka tisa, na balozi wa nyumba kumi akasema, huyu ni mjane wa Akonaay, apewe eneo kule mawe matupu karibu na korongo. Nilimtambua kabla hajageuka. Neno korongo lilinikata maini. Nikasema kabla baba yenu hajafungua kinywa, apewe shamba letu la chini. Baba yenu alinitazama, akaelewa, maana yeye ndiye peke yake aliyejua habari ya Urban, na akanyamaza mpaka anakufa. Ndivyo mlivyopata mama mwenye huruma.

Na yeye alinikumbatia, Reginald. Alilia begani kwangu pale barabarani. Tumepalilia pamoja miaka kumi na moja, amekuja kunikanda mgongo, uji huu ninaokunywa wiki hii ni wa kwake. Jambo moja tu huwa linamtoa kwenye upole wake. Tukikaa wawili, kila mwaka ikifika ile siku, humlaani yule dresa. Husema yule mtu wa dawa alijua tupo, alitutazama kutoka ng'ambo kila siku na hakuvuka, aliogopa viatu vyake vitalowa, akaja mtoto ameshapoa. Husema Mungu atamwuliza. Na mimi hukaa nikichambua mboga, nikamwacha amlaani mtu asiye na kosa. Miaka kumi na moja. Hapa ndipo penye uchafu wenyewe, wanangu, kuliko hata pale korongoni. Pale nilikuwa mwoga siku sita, hapa nimekuwa mwoga nikiwa nimeshiba na kulala vizuri.

Perpetua, nenda kamwite Severina. Mwambie mama anakuomba uje sasa, usimwambie zaidi. Pita njia ya chini, ni fupi.

Reginald, wewe baki. Sogea. Umeinamisha kichwa, inatosha, sitaki uzidi hapo. Yasikie maagizo yangu wakati hayupo. Shamba la chini ni la Severina, na baada yake ni la Julius, na utakwenda kwa katibu mara ya tatu ukamwambie hivyo kwa mdomo wako mwenyewe, na Julius asikie. Usimwambie umesamehe, huna cha kumsamehe. Akinilaani leo, msimjibu. Akikataa kuja kwenye maziko yangu msiende kumbembeleza, na mkeo asimnunie kisimani. Mwalimu mkuu akitaka kusimama kaburini kusimulia maporomoko, mzuie kwa adabu, mwambie mama amekataza. Nizikeni karibu na baba yenu, upande wa kushoto. Na kanisani, jina langu likisomwa, lisomwe na la Urban mtoto wa Tluway baba yenu, ili watu waulize ni nani, nanyi mjibu.

Unaniuliza kwa nini nisinyamaze tu nikafa na heshima yangu. Nilifikiri hivyo hivyo mpaka juzi. Juzi alikuwa ananinywesha uji, akaniambia, Mama Reginald, ukifika huko ukimwona Kornelia, mwambie mama yake aliomba moto. Nitakwenda kumwambia nini mtoto yule?

Ni wao? Nasikia viatu vya Perpetua. Kabla hawajaingia, inama nikushike kichwa. Mungu akupe watoto wasiokuogopa, na uwe mwepesi wa kukiri kuliko mama yako. Perpetua, njoo na wewe, upande huu. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na mikono yako isikose kazi ya kupenda. Pendaneni. Basi, baraka yangu ni hiyo, pumzi haitoshi nyingine.

Msitoke. Kaeni hapo chini, nataka msikie ninyi pia, nisije nikapunguza.

Karibu, Severina. Leo sikuiti Mama Julius. Kaa hapa kitandani... hapana, uji baadaye, weka chini. Sauti yangu imeshuka, sogea.

Yule dresa... Seifu. Usimlaani tena. Hakujua kwamba mna mgonjwa. Aliniuliza mimi, mara mbili, kule ng'ambo kuna wagonjwa... na mimi nikamwambia hakuna. Mimi, Severina. Nilikuwa na sababu yangu, nitakuambia, nayo haitoshi... Hapana, usinishike mkono. Ngoja kwanza nimalize, halafu ndipo uamue kama utanishika.